Kidude cha elfu 25 cha kusoma cheki injini, multimita ya njano, na krenki sensa iliyosingiziwa

Nimekaa na hiki kidude miezi minne ndo naandika, maana naona watu wengi wanauliza vile vi-ELM327 vya bluetooth (unachomeka kwenye gari, unasoma makosa ya injini kwenye simu) vinavyouzwa Kariakoo vinafanya kazi kweli au ni mapambo ya kwenye gari. Vinafanya kazi, ila sio kazi ile anayokwambia muuzaji. Muuzaji anakwambia "bosi chomeka tu kinakwambia kifaa gani kimekufa". Hapana. Mimi hiyo sentensi imeshanila pesa kabla hata sijanunua changu.

Nianze na gari. IST ya 2005, injini 1NZ, cc 1500, ile ya duara mgongoni. Ugonjwa wake ulikuwa inazima ikishapata moto. Asubuhi unapiga stata mara moja inaitika, unatoka Segerea unakuja zako taratibu, ukiingia kwenye foleni ya Mandela Road jua la saa saba, mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unaanguka sifuri na gari inakufa kimya kabisa, haitetemeki haikohoi, kama mtu amezima swichi. Ukipiga stata inazunguka vizuri tu lakini haishiki. Nyuma yako daladala inapiga honi na konda anakuuliza kama hiyo gari ulipewa na mkwe. Unasukumwa pembeni, unakaa nusu saa au dakika arobaini, unapiga stata, inawaka kama haijafanya kitu.

Fundi wa kwanza (simtaji, na gereji pia sitaji) alikuja na pikipiki akanikuta barabarani, akaniambia fungua swichi piga stata, akaweka sikio nyuma kwenye siti, akasema pampu ya mafuta hailii, imekufa. Tukaweka pampu, laki na thelathini na ufundi wake. Baada ya siku mbili gari ikafa tena palepale karibu na relini.

Hili nimekuja kulielewa baadaye. Kwenye hizi Toyota za EFI (mafuta yanapulizwa kwa nozeli) kontroo boksi, yaani kompyuta ya injini, haiiruhusu pampu ifanye kazi mpaka ipate taarifa kwamba injini inazunguka, na taarifa hiyo inatoka kwenye krenki sensa, ile inayohisi krenki ikizunguka. Krenki ikinyamaza, pampu inanyamaza, nozeli zinanyamaza, plagi hazitoi cheche. Vyote vinaonekana vimekufa kwa wakati mmoja kumbe vinasubiri amri. Kwahiyo fundi hakunidanganya, pampu kweli ilikuwa hailii, ila haikuwa mgonjwa. Na ile ya zamani tuliitupa hukohuko.

Gereji ya pili hao walikuwa na mashine. Wakachomeka, ikatoa kodi (sio ya TRA, ni namba ya kosa) P0335. "Bosi, krenki sensa hiyo." Elfu hamsini na tano sensa mpya ya kwenye boksi, elfu ishirini ufundi. Nikaendesha siku tisa bila shida nikaanza hadi kumsifia kwa watu, siku ya kumi nikafia Buguruni. Nikampigia, akasema labda hiyo sensa mpya ni feki, nitafute used ya Japan. Hapo ndo nikasema sitoi tena hata mia mpaka nimepima kwa mkono wangu.

Nikaenda Kariakoo. Kidude chenyewe kina ukubwa wa kiberiti, cha bluu cha kupenyeza mwanga, kimeandikwa v2.1, elfu 25 baada ya kubishana kutoka 40. Nikaongeza multimita ya njano (kipima umeme) kwa elfu 15. Nikapita kwenye maduka matatu na wote wana vilevile vya bluu na kila mmoja anaapa chake ni orijino. Niwaambie tu, ELM327 ni chipu iliyotengenezwa na kampuni ya Canada inaitwa ELM Electronics, toleo lao la kwanza halikuwa limefungwa dhidi ya kunakiliwa, Wachina wakalinakili, na kampuni yenyewe ilishafunga milango mwaka 2022. Kile kinachoandikwa v1.5 hao Wakanada hawajawahi kukitoa kabisa. Kwahiyo dukani hakuna swali la orijino au feki, zote ni kopi, swali ni kopi gani inashika kwenye gari yako.

Kwangu cha kwanza hakikushika. Kinawaka taa nyekundu, simu inakiona, unaweka namba ya siri 1234 kinakubali, halafu programu inazunguka weee inasema haioni gari. Nikarudi, jamaa wa duka kwa kweli alikuwa muungwana, akaniletea vingine nijaribu kwenye gari hapohapo nje, cha tatu ndo kikashika. Gari za Japan za miaka ile sio zote zinaongea lugha ya OBD2 (ile ya kusomea makosa ya gari) vile wanavyoongea wenzao wa Marekani, kule ni sheria tangu modeli za 1996, huku kwetu tunapata zilizotengenezwa kwa soko la Japan zenye mambo yake. Kwenye simu nilianza na programu ya Torque haikuelewana nayo, nikahamia Car Scanner, nikachagua profaili ya Toyota za Japan, ikakaa kama sekunde kumi inapiga hodi halafu ikafunguka. Nilifurahi kama mtoto.

Sasa kilinionyesha nini. Kodi ileile P0335. Hii wengi tunaisoma "krenki sensa imekufa", na mafundi wetu wengi wanaisoma hivyohivyo, lakini kodi yenyewe haisemi hivyo, inasema kuna tatizo kwenye SAKITI ya krenki sensa. Sakiti maana yake sensa, soketi, waya mbili zinazotoka pale mpaka kontroo boksi, na kontroo boksi yenyewe. Kontroo boksi imekaa kule nyuma ya dashibodi upande wa abiria, haioni sensa, inachojua ni kwamba nilitegemea kupata taarifa sijapata. Ni sawa na kumpigia mtu simu haipatikani ukatangaza msiba, wakati labda mnara ndo umekata.

Kitu cha pili, na hiki ndo kilinifanya nione elfu 25 yangu imerudi, ni ile kumbukumbu ya hali ya gari wakati kodi inajiandika. Ilionyesha joto la maji ya injini digrii 94. Yaani gari yenyewe ilikuwa imeandika ushahidi kwamba inazimika ikiwa moto, na gereji yenye mashine kubwa hakuna aliyefungua ukurasa huo. Cha tatu ni RPM. Ikishazima, unamwambia mtu apige stata wewe unaangalia simu, injini inayozungushwa na stata inatakiwa isome kama 200 hivi kwenda juu kidogo, yangu ilikuwa inasoma 0 na injini inazunguka naisikia kwa masikio. Hapo unajua kabisa taarifa haifiki.

Lawama zake sasa. Ukipiga stata umeme wa betri unashuka na kidude kinazimika, kinajiunganisha upya, kwahiyo hiyo RPM niliipata jaribio la nne. Kusoma kwake ni kwa kuvuta miguu, namba zinabadilika polepole, ukitaka kuona sensa inayokatika nusu sekunde kwa hicho utazeeka. Voti za betri kinasoma pungufu, chenyewe kinasema 11.9 multimita inasema 12.4. Kimejitokeza mno chini ya usukani, kila nikiingia nakigonga na goti. Na usikiache kwenye gari ukasafiri, ile tundu ina umeme wa betri muda wote hata ukichomoa funguo, kinanyonya kidogokidogo.

Kidude kimeishia hapo. Kutoka hapo ni multimita, na ukweli ni kwamba bila multimita hicho kidude ni sawa na mganga wa kupiga ramli, atakutajia mtaa wa mchawi lakini nyumba hataji.

Krenki sensa ya 1NZ ina waya mbili. Ni sumaku na koili ya waya wa shaba basi, haiwekewi umeme wowote, meno ya lile gurudumu la kwenye krenki yakipita mbele yake sumaku inachezacheza na koili inazalisha umeme wake wenyewe wa kwenda na kurudi. Lile gurudumu lina meno 34, yalitakiwa kuwa 36 mawili yakaachwa makusudi, pale penye pengo ndo kontroo boksi inajua krenki iko wapi. Kwa kuwa ni koili, unaweza kuipima omu (ukinzani wake) ikiwa baridi, ukaipima ikiwa moto, ikikatika utaona.

Bahati nzuri ile sensa ya zamani aliyonitolea fundi niliomba nikaondoka nayo. (Chukueni vitu vyenu vya zamani gereji jamani, hata kama vimechoka.) Jioni nikakaa jikoni, nikaiweka kwenye mfuko wa nailoni, waya za multimita nimezibana na klipu za karatasi kwenye zile pini mbili, nikaweka kwenye omu. Baridi, 1.24 kilo-omu. Nikamimina maji ya moto ya kwenye chupa ya chai kwenye sufuria nikaitumbukiza. Mke wangu akapita akasimama, "Baba Junior, hiyo supu ya nini?" Nikamwambia hii ni ile sensa ya zamani, kuibadilisha kumenila elfu sabini na tano, akasema basi weka na chumvi. Akaondoka.

Namba ikaanza kupanda polepole, 1.28, 1.35, 1.43, ikaja kutulia kama 1.5. Shaba ikipata moto ukinzani wake unapanda, karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii moja, kwahiyo kutoka joto la Dar mpaka maji ya digrii themanini na kitu, kupanda kwa moja ya tano hivi ni tabia yake ya kawaida kabisa. Sensa iliyokufa kwa joto ingepanda halafu ghafla ingeandika 1 peke yake pembeni kushoto, maana yake koili imekatika ndani. Nilikaa na hiyo sensa kwenye maji mpaka yakapoa, nikaitingisha, nikavuta soketi yake. Haikukatika hata mara moja. Nzima. Ilitolewa kwenye gari na kusingiziwa bure.

Kesho yake nikafanya kipimo cha pili kwenye gari, soketi ya sensa mpya nimeichomoa, multimita kwenye pini za sensa yenyewe, nimeweka kwenye voti za AC (umeme wa kwenda na kurudi), shemeji anapiga stata. Hapa naomba niilalamikie hii multimita ya njano maana nayo ni sehemu ya rivyu. Hizi DT830 upande wa AC zina rengi (viwango vya kupimia) mbili tu, 200 na 750. Umeme wa krenki sensa wakati wa stata ni mdogo, kwenye hiyo rengi ya 200 unaona 00.5 inaruka 00.6, inatosha kujua kuna kitu kinatoka lakini ukitaka kulinganisha sensa na sensa huwezi. Kama una elfu arobaini nunua ile inayojichagulia rengi yenyewe. Na kama unachukua ya njano chukua DT830D, hiyo ina kengele inayolia waya ukiwa mzima, DT830B haina, na kengele ndo iliyoniokoa mimi. Betri yako pia iwe na nguvu kabla ya hiki kipimo, huo umeme wa sensa unategemea mwendo wa meno, stata ikizunguka kichovu na sensa nzima itaonekana mgonjwa.

Kwahiyo sensa mpya nayo nzima. Zimebaki waya. Nikatoa betri, nikafungua dashibodi upande wa abiria nikachomoa soketi ya kontroo boksi, waya moja ya multimita huku, nyingine nikaunga na waya mrefu mpaka kule mbele kwenye soketi ya sensa, nikaweka kengele. Waya wa kwanza piiiii. Wa pili piiiii. Nikakata tamaa kidogo. Halafu nikamwambia shemeji shika huo mzigo wa waya hapo karibu na soketi utingishe kama unakamua kiwele. Pi, kimya, pi pi, kimya.

Tukachana lile bomba jeusi la plastiki. Pale ilikuwa imelowa oili miaka na miaka, chini karibu na puli, plastiki ya waya imekuwa ngumu kama tambi mbichi, ukiikunja inapasuka. Sentimita kama saba kutoka kwenye soketi waya mmoja shaba imekatika ndani, imebaki imeshikana kwa nyuzi mbili tatu za kijani. Gari ikiwa baridi zinagusana, ikipata moto vitu vinatanuka zinaachana. Na zile siku tisa nzuri baada ya sensa mpya? Fundi alipokuwa anachomoa na kuchomeka aliuvuta waya ukakaa vizuri, basi.

Ukarabati ulikula elfu nane. Fundi redio wa mtaani kwetu akaunga kwa risasi, sio kusokota na selotepu, akavalisha ile mipira inayosinyaa kwa moto. Ukifanya hivi usigeuze waya mbili zile, mimi nilikaribia kuzigeuza, zinafanana baada ya kulowa oili, na ukizigeuza ule umeme unafika kichwa chini miguu juu, gari inaweza kugoma au ikawaka inaenda ovyo na utaanza kutafuta ugonjwa mwingine. Na msirefushe waya ukaupitisha juu ya altaneta, ule waya umekingwa makusudi usichukue kelele za umeme.

Hiyo ni miezi minne iliyopita, foleni zote za Mandela nimepita.

Tangu hapo nimekuwa fundi wa ukoo. Jirani ana Corolla 110, inashtuka ukikanyaga mafuta, kidude hakikuiona kabisa hiyo gari, ni ya zamani mno kwake, msipoteze muda. Lakini multimita ilimpima sensa ya throto (inayosoma umekanyaga mafuta kiasi gani), ile ni waya zinazopewa voti 5, moja inarudisha jibu, mguu juu inatoa nusu voti na kidogo, ukikanyaga taratibu mpaka mwisho inapanda kwenda kwenye nne. Yake ilikuwa inapanda vizuri, ikifika pale katikati inaruka sifuri halafu inarudi. Hapo palikuwa pamelika. Kwa kipimo hiki multimita ya mshale ya kizamani ni nzuri kuliko ya namba, mshale unauona ukidondoka, namba zinachelewa. Kwa Toyota za umri wa kati ambazo kidude kimegoma kushika kuna ujanja wa bure, kipande cha waya kati ya pini ya 4 na ya 13 kwenye ile tundu, unawasha swichi bila kuwasha gari, taa ya cheki injini inapepesa namba, 12 au 13 ni habari za RPM hizohizo. Hesabu pini vizuri tu, maana ya 16 ni umeme wa betri moja kwa moja na ukiunganisha hiyo na ya 4 utajua hujui.

Wenye gari zenye sensa ya waya tatu (nyingi za Ulaya, na gari mpya mpya) msiige ile habari ya omu na maji ya moto. Ndani ya ile mara nyingi kuna vifaa vya kielektroniki, omu yake haikwambii kitu na unaweza kuiua. Hiyo unapima kama ina umeme wake unaoingia, 5 au 12, kama ethi (hasi) ipo, na kama waya wa jibu unapanda na kushuka ukizungusha injini polepole kwa spana. Na P0340 ni sakiti ya kem sensa (ya kemshafti inayofungua valvu), maneno ni yaleyale, sakiti. P0016 ni nyingine, hiyo inasema krenki na kem hazikubaliani, kabla ya kununua sensa yoyote kaangalie cheni imelegea kiasi gani na oili inafika kwenye VVT (mfumo wa kubadili muda wa valvu).

Kidude nakipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Multimita ya njano tatu, ingekuwa na rengi ndogo ya AC ningeipa nne na nusu. Duka nyota tano kwa kukubali nijaribu vitatu. Gereji yenye mashine sina nyota, niliwapigia kuwaambia ilikuwa waya wakaniambia "hata waya ni sehemu ya sensa bosi".

Ukienda kununua nenda na gari yako, paki mbali lipia paking, omba uchomeke kabla hujatoa hela. Wenye iPhone msichukue hicho cha bluu, hakitaonekana kwenye simu zenu, ulizeni cha wifi au kile cha bluetooth ya 4.0, na hicho wanaanzia bei ya juu kidogo, mimi sijakitumia.